Dakta Hattab na Damu Iliyosema Hakuna

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia. Dakta Hattab Mizhir ameuawa. Nasema ameuawa, sisemi ametutoka, maana sisi watu wa Nasiriya tuna ugonjwa wa kulainisha maneno. Alipigwa risasi mbili za kifua siku ya Alhamisi, mlangoni pa maabara yake, mchana kweupe. Huyu ndiye Hattab aliyepima damu za watu wetu wa mjini na wa kule kwenye mabwawa. Nilimfahamu. Alikuwa mbishi, mkali, na chai yake ilikuwa mbaya.

Lakini nianze na kijana Chasib.

Chasib alikuwa mtoto wa Shekhe Ghadhban, wale wafugaji wa nyati wa Chibayish, kule mabwawani. Aliletwa hospitali ana homa, jasho, na mgongo unamuuma kama mzee. Huku kwetu ukisikia hivyo unawaza homa ya Malta, ile inayotoka kwenye maziwa mabichi. Wakampima. Majibu: hakuna. Wakampima tena vilevile. Hakuna. Daktari wa wodi akaiamini karatasi, akatibu kitu kingine. Ugonjwa ukala moyo. Chasib akafa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ugonjwa ulikuwepo. Ulikuwepo tele, na ndiyo maana haukuonekana. Kipimo hiki hutafuta askari ambao mwili umewaunda kupigana na vijidudu. Unachanganya maji ya damu na chembe za vijidudu vilivyokufa. Askari akishika chembe huku na chembe kule, zinaganda pamoja, unajua ugonjwa upo. Lakini askari wakizidi mno, kila chembe inazingirwa na wa kwake, hakuna mkono unaobaki wa kuunganisha. Haigandi kitu. Dawa yake ni kuyazimua yale maji ya damu kwa maji ya chumvi, tena na tena, mpaka askari wapungue. Hapo ndipo chembe zinaganda.

Hattab aliyajua haya usingizini. Ila ulikuwa msimu wa nyati kuzaa, foleni imefika barabarani, na maabara yake ilikuwa na mazoea: msimu huo wanapima tone moja, wanapita. Hawazimui.

Baada ya mazishi, lango la Hattab likaandikwa kwa rangi nyekundu: ANATAKIWA NA UKOO. Mnajua maana yake: ukoo unamdai damu. Hattab akalipaka chokaa, akaenda kazini. Ijumaa adhuhuri nyumba yake ikamiminiwa risasi.

Mkewe, Wafiya, aliniambia hivi: "Nilikuwa napakua wali. Sufuria likaruka mbele yangu. Nikamwona Baba Sundus amemlalia mtoto, damu inamtoka mkononi. Nikamuuliza, umekufa? Akasema, bado, usinipigie kelele."

Vidole viwili vilikwenda. Wakati anamfunga mkono, Wafiya akamwambia alimwona mpigaji dirishani. Alikuwa Raad, ndugu yake Chasib.

"Alikuwa anatetemeka," Wafiya akasema.

"Woga huo."

"Si woga. Alikuwa amelowa jasho, Baba Sundus. Katika baridi hii."

Kesho yake, mkono umefungwa bendeji, Hattab akaingia maabara na kutoa kwenye jokofu damu ya Chasib iliyobaki. Akaizimua. Chupa ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Akaendelea. Zilizofuata zikaganda zote.

Shakir, msaidizi wake, alikuwa amesimama pembeni. Akamwambia, "Mwaga hiyo, Dakta. Aliyekufa amekufa. Ukienda kusema, umejichimbia kaburi."

"Na huyu Raad je? Malai ya maziwa mabichi alikula sahani moja na Chasib."

"Huyo si ndiye aliyekukata vidole?"

"Ndiye huyo. Niitie mwenye mtumbwi."

Wasikilizaji wapendwa, mimi nisingekwenda. Nasema kweli, ningeimwaga ile damu na kuosha chupa.

Raad alimpokea gatini Chibayish kwa kitako cha bunduki. Alimpiga usoni, akampiga tena akiwa chini. Meno yakatoka. Hattab akatambaa kwenye tope mpaka akaingiza mguu ndani ya ukumbi wa matete wa Shekhe Ghadhban, na aliyeingia humo haguswi, hata awe muuaji. Akaletewa kahawa. Akakiweka kikombe chini. Kwetu mgeni akiweka kikombe chini ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Umekuja kuomba msamaha?" Shekhe akauliza.

"Msamaha mtajua wenyewe. Chasib alikuwa na homa ya Malta, maabara yangu ikasema hana. Kosa ni letu. Haja yangu ni kumpima huyu aliyening'oa meno."

Raad akasema, "Nitakuchinja kwanza, ndiyo unipime."

Nyuma ya pazia la matete, mama yao akasema, "Raad, kaa chini. Nimeshazika mmoja. Mpe mkono."

Akampa. Tone la kwanza: hakuna. Wakazimua. Ikaganda.

Raad alikunywa dawa wiki kwa wiki, akapona. Juzi aliniambia, akilia bila kujificha: "Kila nikifuata vidonge alikuwa ananiambia, meza wewe, mimi meno ya kutafunia umenimalizia."

Tangu siku hiyo, hakuna damu ya homa iliyotoka kwa Hattab bila kuzimuliwa, foleni iwe ndefu vipi. Watu walimtukana kwa kuwachelewesha. Naye aliwatukana.

Ndipo Alhamisi hii iliyopita akaja kijana ambaye baba yake alikuwa amefariki. Majibu ya mzee yalisema hakuna. Kijana hakuuliza kitu. Alipiga risasi.

Msibani Raad alifika na magari, na bunduki ndani ya magari, tayari kumlipizia Hattab. Wafiya akatoka hemani. "Mwanangu, hakuna atakayepanda gari hilo," akasema. "Kwanza nijue kama mume wangu alikosea." Akamtuma Shakir maabara, akamngoja amekaa hapohapo njiani. Shakir akaizimua damu ya yule mzee mpaka mwisho. Haikuganda popote. Wakapima na kwa njia nyingine. Safi. Hospitali nao wakathibitisha, mzee alikufa kwa figo. Safari hii hakuna ilikuwa hakuna kweli. Wafiya akamwambia Raad, "Hakukosea, na damu nyingine siitaki." Raad akakaa chini mchangani, magari yakarudi kwao.

Pole, Wafiya. Pole, binti Sundus. Na pole kwa ile familia nyingine, iliyomzika baba na kumpoteza mtoto rumande ndani ya juma moja. Msinikasirikie kwa kuwataja. Sisi wengine tutafakari. Majibu yakisema hakuna na mgonjwa bado anaungua, rudini, ulizeni, daini apimwe tena kwa njia nyingine. Semeni dawa mlizonunua dukani kabla ya kupimwa, maana nazo huficha ugonjwa. Ulizeni kwa mdomo, si kwa bunduki.

Nilimuuliza Wafiya angependa niseme nini mwisho. Akafikiri, akasema: "Kule rumande wana redio. Mwambie yule kijana baba yake alipimwa vizuri. Mwambie polepole, ni mtoto wa watu."

Kijana, kama unanisikia: baba yako alipimwa vizuri.