Wasichana wa Saa Kumi: Maneno ya Kumuaga Mwalimu Bernadeta Maige

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mzee Nkwabi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi tangu enzi za Mwingereza, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Buswelu na Usagara, nanyi mliovuka kwa kivuko cha Busisi tangu alfajiri, wasichana wa shule hii, na wewe, Mwalimu Bernadeta Maige, ambaye kwa ajili yako tumevaa nguo za sikukuu katikati ya juma: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Walimu wenzangu wamenichagua mimi, Mboni binti Yunus, nimuage mwalimu wetu mkuu anayestaafu leo. Nadhani walifikiri mimi ndiye niliyempendeza kuliko wanafunzi wake wote. Hawakujua kwamba mwaka 1957 mwalimu huyu alinifukuza shule.

Naona mnatazamana. Mwalimu mwenyewe anatabasamu, basi nitaendelea.

Tulikuwa wasichana sita wa darasa la saba. Kila siku saa kumi, kengele ikishalia, tulikwenda kukaa juu ya miamba kule ziwani. Tulijiita Saa Kumi. Tulikata nywele namna moja, tukafunga vitambaa vya manjano shingoni, tukawa na salamu yetu. Na mtu akituuliza, "Wewe binti, kabila gani?" tulimjibu, "Saa Kumi."

Wazee wangu, jibu hilo ndilo lililouchoma mji. Nywele mngetusamehe. Lakini binti asiyetaja kabila lake amelelewa na nani? Sokoni wakasema tumejifunza uhuni kwenye sinema. Wengine wakasema tunakutana na wanaume. Maneno yakafika shuleni, na Jumatatu moja Mwalimu akaandika barua sita za kutufukuza, akazipeleka kwa wazazi wetu. Kamati ya wazazi ingekutana Jumamosi kuzithibitisha.

Baba yangu, Mzee Yunus, fundi cherehani, aliisoma barua ile mara mbili. Hakunipiga. Alisema tu, "Kama shule imekukataa, utaolewa." Mchumba alikuwa amekwisha kupatikana, mtu mzima mwenye wake wawili. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Alhamisi tulikwenda mwambani kuagana. Tukiwa pale tukamwona Mwalimu anakuja peke yake, anapanda mawe na viatu vyake vya ngozi, anateleza. Hakuna aliyekimbia, maana tungekimbilia wapi? Akanitazama mimi, akauliza, "Mboni, kwa nini mnayakataa makabila yenu?"

Nilimwambia, "Hatuyakatai, Mwalimu. Baba yangu asili yake Mmanyema, mama ni Mnyamwezi, nami nimezaliwa hapa Mwanza. Nikiulizwa kabila sijui nianzie wapi. Dorotea huyu mwenzetu ni Mkerewe, akisema hivyo mjini anachekwa kwa matamshi yake. Nyumbani mimi ni binti wa fulani, na ninafurahi. Shuleni ni jina kwenye rejista. Hapa ndipo tunapojaribu kujua sisi wenyewe ni nani."

Mwalimu aliinama. Alivua viatu, akakaa. Alikaa mpaka jua likawa chini, akitusikiliza tunavyozungumza, na alipoondoka alisema, "Jumamosi njooni mkutanoni. Njooni na vitambaa vyenu."

Sikujua kama hiyo ilikuwa heri au shari. Usiku wa Ijumaa sikulala.

Mzee Nkwabi, unaukumbuka mkutano ule, nami nakuomba radhi nikiyarudia maneno yako. Mwalimu alisimama akasema, "Jumatatu niliandika barua sita bila kuwauliza walioandikwa. Leo nazifuta."

Wewe ukasema, "Mwalimu, mji mzima unasema hawa ni wahuni."

Akakujibu, "Mji mzima haukwenda kule. Mimi nilikwenda."

"Ukakuta nini?"

"Nimemkuta Dorotea anawafundisha wenzake kuogelea. Nimewakuta wanabishana kama mwanamke atapiga kura siku nchi hii itakapojitawala. Sikumkuta mwanamume. Kama barua zile zitasimama, Mzee wangu, basi Jumatatu mtafute mwalimu mwingine."

Ndugu wageni, mwaka ule mwalimu mkuu Mwafrika, tena mwanamke, hakupatikana kila kona. Alikuwa anaweka rehani kazi aliyoitafuta maisha yake yote. Na kukiri mbele ya watu kwamba umekosea, je, kuna mtu mzima hapa anayeona ni jambo jepesi?

Ndipo baba yangu akainuka. Alisema, "Mimi ni fundi. Nguo ikimbana mtoto, hatumpunguzi mtoto." Akaketi. Na wewe, Mzee Nkwabi, ukacheka, na nilipokuona unacheka nikajua nimepona. Kamati ikazifuta barua, Dorotea akanishika mkono.

Tulipofika mlangoni, baba akaniuliza, "Vitambaa hivyo ulivishona kwa cherehani yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Mishono imekwenda upande. Kesho nitakuonyesha."

Habari ya mchumba sikuisikia tena.

Lakini walioketi mkutanoni walikuwa watano. Mastura, wa sita, alikuwa amechukuliwa na mjomba wake Ijumaa kwa treni kwenda Tabora kuolewa, kwa sababu ya barua ile. Mwalimu aliiandikia familia ya Mastura mara tatu, hakujibiwa. Sisi tuliofanya kazi naye tunajua kwamba kila mwaka, akiita majina ya darasa la saba, hunyamaza kidogo kabla ya kufunga rejista. Hajawahi kusema kwa nini.

Mwalimu, mwezi wa sita nilikwenda Tabora kwa semina ya elimu ya watu wazima. Katika darasa moja la akina mama nikamkuta anayefundisha ni Mastura. Ana watoto wawili. Mumewe ni mtu mpole wa reli, naye ndiye aliyemnunulia ubao. Tulishikana tukalia mpaka wanafunzi wake wakatuletea maji. Nilipomwambia unastaafu, akasema, "Mwambie nilimkasirikia miaka mitatu. Halafu nikaanza kufundisha, nikaona jinsi mwalimu anavyoweza kukosea asubuhi moja tu. Mwambie hasira imekwisha. Mwambie alale."

Wazazi, hata leo nasikia malalamiko juu ya suruali za vijana na nyimbo zao. Yawezekana mna haki. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya kuandika barua, mwende mkae nao kidogo. Kijana hulelewa na nyumba na shule, lakini pia hulelewa na wenzake, na huko asikokwenda mzazi ndiko nusu ya utu wake inakoshonwa.

Mwalimu Bernadeta, tunakushukuru kwa miaka ishirini na sita. Mimi nakushukuru zaidi kwa ile Alhamisi moja. Ujumbe wa Mastura nimeufikisha kama nilivyotumwa, na naona umetoa leso; wala usione haya, nasi tunazo. Nenda ukapumzike.

Wazee wangu na ndugu zangu, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.