Makoti Meupe Kumi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, pale kwenye kona ambapo njia ya kituo cha afya na njia ya kiwanda cha mikate zinakutana. Katikati hukaa Redio, fundi wa simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, aliyepewa jina hilo kwa sababu husema bila kuulizwa na hazimiki hata ukimgonga. Pembeni yake hukaa kinyozi, Wembe, ambaye huacha mlango wa saluni wazi ili mteja akija amwone, na mteja akija humwambia asubiri. Kahawa humiminwa na Mama Birika. Mlangoni, nyuma ya cherehani, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, huwa yupo mwenye duka na mwenye benchi, Fundi Tepu, anayeshona huku sikio moja liko nje. Asubuhi hiyo masikio yote mawili yalikuwa nje.

— Tisini na sita! Redio alisema, kikombe kikiwa bado hewani. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Eti katika kila madaktari mia, tisini na sita wameshachanjwa ile chanjo ya mafua makali. Tisini na sita, jamani! Hata ndugu wa tumbo moja hawakubaliani hivyo.

— Nani kawahesabu? aliuliza Wembe.

— Ndo hapo sasa!

— Maana mimi hawajaniuliza.

— Wewe umekuwa daktari lini?

— Nawanyoa. Daktari akikaa kwenye kiti changu, shingo yake iko mkononi mwangu. Hajawahi kuniambia kachanjwa. Mficha uchi hazai.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia. Kaa nayo, utaona.

Redio alikaa nayo kidogo, hakuona, akaendelea.

— Sikilizeni. Wahenga wamesema mganga hajigangi. Sawa? Kama hajigangi, hao tisini na sita kawachanja nani?

— Wamechanjana.

— Enhe! Wamechanjana! Huyu kamchoma yule, yule kamchoma huyu. Shahidi yuko wapi?

— Afadhali hilo, Wembe alisema. Mimi nadhani wamemkuta daktari mmoja tu, mpole, hajui kusema hapana. Wakamuuliza asubuhi akiingia, wakamuuliza akienda chai, wakamuuliza jioni akitoka. Mtu mmoja ashakuwa watatu.

Redio alihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza.

— Basi tisini na sita ni watu thelathini na wawili.

— Hapo sasa angalau wanaanza kuaminika.

Fundi Tepu alicheka, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Kicheko kilikuwa cha kweli, lakini chini yake palikuwa na kitu kinachomkereketa. Binti yake, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amejifungua siku ishirini zilizopita. Siku ya tatu Fundi alikwenda kumwona mjukuu, kavaa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Binti akamsimamisha mlangoni kwa heshima zote: "Baba, samahani. Nesi kasema yeyote atakayembeba mtoto achanjwe kwanza ya mafua, angoje wiki mbili. Mama keshachanjwa, tangu mwezi uliopita." Fundi alimwona mjukuu kwa mbali, blanketi tu na ncha ya kofia, akasema kwamba yeye hajawahi kuwekewa sharti la kuingia kwa mwanawe, akageuza. Tangu siku hiyo hajarudi. Mkewe huenda kila mchana na kurudi akinukia poda ya mtoto. Hasimulii kitu kwa sababu mumewe haulizi, na mumewe haulizi kwa sababu anataka asimuliwe. Usiku Fundi hugeukia ukutani. Alikuwa anamtamani yule mtoto hadi mikono ilikuwa inamwasha, na hakuna aliyeambiwa hilo isipokuwa cherehani.

Kwa hiyo maneno ya kijiweni yalikuwa dawa kwake. Kama tisini na sita ni uongo, basi binti ndiye mkosaji.

— Si ndiyo maana tukafanya utafiti wetu, alisema, akikata uzi kwa meno. Mwambie, Redio. Yamefika mangapi?

Redio aligeuka kwa fahari kuelekea ukutani. Kwa siku tatu, kila koti jeupe lililopita kwenye kona ile lilikuwa limesimamishwa, likasalimiwa, likaulizwa: umechanjwa au hujachanjwa? Jibu likachorwa mstari kwa chaki, ndiyo upande wa mlango, hapana upande wa dirisha.

— Makoti kumi kamili. Ndiyo, manne. Hapana, sita. Arobaini kwa mia! Si tisini na sita. Na sisi hatukukaa ofisini, tumekaa barabarani.

— Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Wembe.

— Tena sisi tuko wachache, ndo kabisa halikuharibika.

Fundi aliinamia kola aliyokuwa akiishona. Kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake. Makoti yale kayashona yeye, yote kumi. Ya kituo cha afya yana mifuko mitatu, miwili kiunoni na mmoja kifuani wa kalamu. Ya kiwanda cha mikate hayana mfuko hata mmoja. Meneja wa kiwanda aliagiza hivyo baada ya kalamu ya mtu kutumbukia kwenye unga. Na katika yale kumi, sita hayakuwa na mifuko. Waliosema hapana, wote sita, walikuwa waoka mikate waliotoka zamu. Waliosema ndiyo walikuwa wanne wenye mifuko, na wenye mifuko waliopita walikuwa hao wanne tu. Hakuna mwenye mfuko aliyesema hapana. Fundi aliliona hilo tangu siku ya kwanza, akaliacha lipite, kwa sababu hesabu ile ilikuwa inamfaa. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema ni babu aliyenuna.

— Na mimi nawaambia, Redio alikuwa amepanda juu sasa, hiyo namba ilitangulia! Kwanza walikaa, wakachagua namba nzuri. Mia moja? Hapana, watu watashtuka. Tisini? Ya kawaida mno. Tisini na sita! Ndipo wakatoka kwenda kutafuta madaktari wa kuijaza.

— Kama mtu kununua fremu kabla ya kupiga picha.

— Na wakipungukiwa wanavalisha watu makoti!

— Lo! Yawezekana hata hao wetu wanne walivalishwa, alisema Wembe.

— Basi ni sifuri kwa mia!

Hapo ndipo kivuli kilipoangukia benchi. Alikuwa nesi wa kituo cha afya, yule mrefu wa chumba cha chanjo, amekuja kuchukua koti lake lililopanuliwa mabega.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba! waliitikia, na Redio akasogea kumpa nafasi, jambo asilomfanyia mtu.

— Tunazungumzia nini leo?

— Ninyi, Redio alisema. Tumewachunguza. Arobaini tu kwa mia.

Nesi akautazama ukuta, akaelezwa habari ya makoti, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akamgeukia fundi.

— Baba, kituoni tuko watu watano tu wa koti, na langu lilikuwa hapa kwako. Hawa kumi wametoka wapi?

Kijiwe kizima kilimtazama Fundi Tepu. Yeye alitazama tepu yake, akaona haina msaada.

— Sita ni waoka mikate, alisema.

— Waoka mikate? Redio aliruka. Na wewe ulijua?

— Hawana mifuko.

— Siku tatu nachora chaki nawahesabu watu wa maandazi, na wewe umekaa hapo unakanyaga cherehani?

— Hukuniuliza.

Mama Birika alikohoa kama mtu anayemeza kicheko. Nesi akapokea kikombe cha kahawa, akakaa.

— Haya, tuwaache madaktari. Ninyi hapa je? Aliyechanjwa anyooshe mkono.

Hakuna mkono ulionyooka. Redio alikunja yake kifuani. Wembe aliitazama saluni yake kana kwamba imemwita.

— Sifuri, alisema Redio. Umeona? Watu wenye msimamo.

Nesi alipuliza kahawa yake.

— Siri ya mtu sitoi. Ila chumba cha chanjo ni changu, na sindano nachoma mimi. Hiyo sifuri yenu si kweli.

Redio aligeuka kuwatazama wenzake mmoja mmoja.

— Nani? Redio aliuliza, kwa ukali mno. Nani katusaliti?

Wembe ndiye aliyevunjika kwanza.

— Jamani, mimi nahema juu ya vichwa vya watu kutwa nzima. Mke wangu kanishika mkono mpaka kwenye kiti. Ningefanyaje?

— Wembe! Mficha uchi wewe!

— Si nilikwambia itaingia?

— Mimi nashangaa, Redio alisema, akimtazama kila mtu isipokuwa nesi. Nesi naye alikuwa anamtazama yeye tu, kwa upole. Redio akakohoa, akaendelea: Sasa mimi, kwa upande wangu, hiyo haihesabiki. Mimi nilimsindikiza mama mkwe. Nikakaa naye kwenye foleni. Foleni ikasogea. Mlango wa kutokea uko upande wa pili wa sindano, nitapita wapi?

— Ulikunja na mkono wa shati mwenyewe, nesi alisema.

— Kulikuwa na joto.

Wote waliangua kicheko, na Redio, baada ya kujitutumua kidogo, akacheka naye, maana ni mtu mwema ukimzima.

— Basi wawili kwa wanne, alisema Wembe.

— Watatu, alisema Mama Birika.

Waligeuka. Alikuwa amesimama palepale anaposimama kila siku.

— Na wewe? Mbona hukunyoosha mkono?

— Mkono huu una birika, huu una vikombe. Na aliyeniuliza ni nani? Mmehesabu mpaka waoka mikate, mimi niliyewapa kahawa siku tatu hamkunichorea hata nukta.

Fundi Tepu hakucheka safari hii. Alikuwa ameacha kukanyaga. Siku zote hizo alikuwa amejifariji kwamba yeye si mkaidi, kwamba yuko na wenzake, kwamba kijiwe kizima kimesimama upande wake. Alijisikia kama mtu aliyeitikia mgomo, akafunga duka, kisha akachungulia akakuta jirani zake wote wanauza.

— Kwa hiyo mimi, alisema polepole, nimegoma na nani?

Nesi hakujua habari ya mlangoni kwa binti. Alijua tu kwamba koti liko tayari na kwamba kuna mtoto amezaliwa katika nyumba hii, na mtu mwenye adabu huuliza. Alivaa koti, akanyoosha mabega kulijaribu, akasema:

— Halafu hongera, baba, nimesikia una mjukuu. Anafanana na nani?

Wembe alitazama chini. Fundi aliushika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili. Swali jepesi, swali la kila mtu kwa kila babu. Aliona blanketi, aliona ncha ya kofia, basi. Macho yakamjaa mbele za watu na hakuona haya.

— Sijui, alisema. Sijamwona.

Alisimama, akaivua tepu shingoni, akafunika cherehani kwa kitambaa, saa nne ya asubuhi, kazi za watu zikiwa mezani.

— Nesi, tuondoke wote. Foleni yako ni ndefu?

— Kwako si ndefu.

Kidole cha fundi kimechomwa na sindano ya cherehani mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, lakini pale kwenye kiti alifumba macho kama anayesubiri paa lianguke. Alipoyafumbua nesi alikuwa ameshaweka pamba. Akamwambia asimbebe mtoto mpaka wiki mbili zipite. Fundi akakubali, akatoka, na miguu haikumpeleka dukani.

Binti yake alikuwa anaanika nguo za mtoto upenuni. Alipomwona baba yake alisimama na kinguo mkononi, hajui acheke au aanze kujitetea.

— Nimechanjwa, Fundi alisema kabla ya salamu, akakunja shati kumwonyesha pamba kama mtoto wa shule. Najua bado wiki mbili. Sikuja kumbeba. Niletee dirishani nimwangalie tu.

— Baba...

— Nilikosea, mwanangu. Nilirudie mara ngapi hilo neno? Nilikosea.

Binti aliingia ndani haraka. Dirisha likafunguliwa upande mmoja, na nyuma ya wavu akamwinua mtoto, akamvua kofia, akaligeuza lile blanketi. Fundi alisogea, akaacha hatua mbili katikati, mikono ameifunga mgongoni isije ikamponyoka. Mtoto alipiga miayo. Paji la uso lilijikunja katikati, midomo ikajibetua kama inayolalamikia maziwa.

— Watu wanabishana, binti alisema kwa sauti ndogo. Wa kwao mume wangu wanasema kafanana nao. Mama hasemi, ananiambia tumngoje baba yako. Wewe unaonaje?

Chumba cha zamani kilimrudia Fundi, godoro la chini, na kichanga kilichokuwa kinajikunja paji vivyo hivyo kifuani mwake usiku kucha, na yeye kijana, hajui kushona hata kifungo, anaogopa kupumua asikiamshe.

— Wabishane wanavyotaka, alisema. Mtoto huyu nilishawahi kumbeba. Ni wewe.