Waifai ya Wangui na Jina la Mtoto

Siku ya soko Emali, benchi la kahawa ya Wangui hujaa kabla sufuria haijachemka, maana Wangui ameweka waifai ya bure. Siku hiyo Kalunde alikaa katikati, bibi asiyevumilia ujinga hata wa jamaa zake. Kule Eldoret mwanawe Muindi amepata mtoto wa kike, na kwao mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa babake, na huyo mama ndiye wa kulitamka kwanza. Huko kwa Muindi wageni wameketi, pilau imefunikwa, hakuna wa kugusa kabla ya jina. Lakini kwenye simu Muindi ameganda, mdomo wazi.

— Ni reli, — alisema Munyao, dereva mstaafu wanayemwita Brekdauni. — Waya imepita chini yake. Treni ikikanyaga, inabanwa.

— Treni imepita asubuhi, wewe, — alisema Kalunde.

— Bado imefura.

Kivuva, fundi wa redio anayejiita Injinia, alicheka.

— Hiyo ni foleni. Simu inatuma vipande vipande. Visipojibiwa, inajua njia imejaa, inapunguza mwendo. Ikijibiwa, inaongeza kidogo kidogo.

— Kama kuteka maji kwenye shimo la mchanga wa mto mkavu, — alisema Kalunde. — Unachota kata moja, unangoja shimo lijae. Ukichota kwa fujo, unabeba tope.

— Hapo sawa, mama. Sasa Amerika wameamka, wote wanachota.

— Amerika wanataka nini na waya ya Emali? — aliuliza Kalunde.

— Bei ya ndengu, — alisema Munyao, na hakuwa anatania.

Simu ikakwaruza. Kalunde akawahi kutamka jina. Jibu likaja la swali aliloliuliza kitambo: "Ndio mama, amenyonya." Muindi akaganda tena.

Mbithe, muuza nyanya, alitua kikapu chake, akaagiza kahawa, akatazama benchi.

— Na hizo simu zenu mbili zinavuta nini kwenye hiyo waifai?

Ya Munyao ilikuwa inavuta mahubiri ya wiki nzima. Ya Injinia, filamu ya nne. Munyao aligeuza yake kifudifudi, kana kwamba hiyo ingesaidia.

— Zimeni, — alisema Kalunde.

Wakazima. Muindi akapepesa macho, akafunga mdomo, akawa mtu tena.

— Anaitwa Kalunde, — alisema bibi.

Vigelegele vikaja papo hapo kutoka Eldoret, na nyuma yake mlio wa vifuniko vya sufuria.