Kisima cha Bi Ulbosin, Ambaye Hakuwapo

Mgeni rasmi, Kanali Otarov wa Kituo cha Kurushia Roketi, Imamu wetu, wazee, akina mama na majirani:

Leo ni Alhamisi, tarehe 16 Aprili. Alfajiri maji yaliganda ndooni, kisha jua likatoka, na sasa theluji ya mwisho inageuka tope hili ulilolipita kwa viatu vinavyong'aa. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama. Sisi wafugaji wa Tasbulak tumefurahi kweli, kwa kuwa taarifa ya ujio wako tuliipata wiki tatu kabla. Tulipata muda wa kupaka uzio rangi na kuchinja kondoo. Vitu vingine vinavyotoka kituoni kwako hutufikia kwa haraka zaidi.

HISTORIA YETU

Babu zetu walipachagua mahali hapa kwa sababu ya maji na ukimya. Baadaye wataalamu nao wakapachagua, kwa sababu kwenye ramani yao hapakuwa na mtu. Tangu hapo tunaishi chini ya njia ya roketi. Kila inapopanda, sehemu yake ya chini ikishamaliza mafuta huachiwa ianguke, nayo huangukia kwetu. Hatulalamiki. Kila kitu lazima kiangukie mahali.

MAFANIKIO

Kwanza ni amani. Ofisa aliyetutembelea mwaka juzi alitueleza kwamba makombora ya kituo hayakutengenezwa ili yapigane. Hurushwa kwa majaribio ili adui ayaone, aogope na akae kwake. Tumeelewa. Tunaomba tu ifahamike kwamba sisi tuko karibu kuliko adui, kwa hiyo tumekuwa tukiogopa kabla yake, tena kwa uaminifu mkubwa.

Pili, tumeambiwa kwamba setilaiti iliyopanda Juni iliyopita inaweza kusoma namba ya gari kutoka huko juu. Tunampongeza kila aliyeshiriki.

Tatu, sanamu ya roketi utakayoizindua leo mbele ya shule. Imesimama imara, na haiangushi kitu.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ina jina: Bi Ulbosin Tokabaeva, mjane, yule aliyeketi safu ya mbele na kitambaa cheupe kichwani.

Sheria inataka kila mfugaji apewe taarifa kabla ya roketi kurushwa, atie sahihi, kisha ahamishe mifugo. Karani wetu Nurtas, ambaye yupo hapa na ni mtu mwema, ana gari moja bovu na eneo kubwa. Kwa hiyo kila Januari hupita mara moja tu, na karatasi za mwaka mzima. Januari ya mwaka jana alifika kwa Bi Ulbosin katikati ya dhoruba ya theluji. Alikaribishwa, akamiminiwa chai ya maziwa. Kwetu sisi, mgeni aliyeletwa na dhoruba hanyimwi analoomba.

"Apa, tia sahihi hapa, hapa na hapa," alisema, akimwita kama tunavyomwita kila mama mtu mzima.

"Hii ni ya Juni, mwanangu. Juni haijafika."

"Itafika tu, Apa. Au una shaka na Mungu?"

Bi Ulbosin hana shaka na Mungu. Alitia sahihi.

Juni ikafika. Asubuhi ya tarehe tisa alikuwa kwenye malisho ya kiangazi akikamua farasi wake, aliposikia mbingu inapasuka. Alidhani ni Kiyama. Alikumbatia shingo ya farasi, akatamka shahada, akangoja. Chuma kirefu kama nyumba tatu kilianguka karibu na kisima chake, kikavuja kitu chenye harufu ya samaki, nasi bahari hatujawahi kuiona. Watu wa kituo walikuja na barakoa usoni, wakachukua chuma chao, wakafunga kisima na kuacha kibao: USINYWE HADI VIPIMO.

Alingoja vipimo hadi Septemba, kisha akaenda kwa karani.

"Apa, wanapima visima vyenye watumiaji."

"Mtumiaji si ndiye mimi?"

"Karatasi inasema tarehe tisa ulishahamia Akshi, kilomita arobaini. Sahihi yako hii hapa."

"Nilikuwapo, nimeshika ndoo!"

"Kisheria hukuwapo."

"Basi huyo Ulbosin wa Akshi mwambie aje awanyweshe farasi wangu, maana yeye ana maji."

Karani alicheka. Nasi tuliposimuliwa tulicheka, Mungu atusamehe. Wakati wa baridi farasi walikula theluji, na theluji, kama unavyoona, inaisha. Mwezi ujao ni wa kuhamia malisho. Kisima kikiendelea kufungwa, Bi Ulbosin atauza farasi wote ishirini na wawili, akaishi kwa binti yake mjini, ghorofa ya tano, ambako anasema hata akisali kwa kunong'ona jirani hugonga ukuta.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi tisa. Imamu alitushauri tubakize moja, lisije likapata pa kujificha. Tunaomba kisima hicho kipimwe kabla ya tarehe kumi Mei. Maji yakiwa safi, farasi wanywe. Yakiwa na sumu, mwenyewe aambiwe, ajue moja. Na kama karatasi bado itakataa, tunaomba ile setilaiti igeuzwe huku kwa dakika moja. Bi Ulbosin hana namba ya gari, lakini yuko tayari kusimama mahali peupe.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watoto wako, na adui aendelee kuogopa huko huko aliko. Ni sisi, Wafugaji wa Tasbulak, kaya thelathini na moja.

Tumesikia kwamba baada ya chakula kuna karatasi nyingine za kutia sahihi. Kwa hiyo neno la mwisho si letu. Kwa idhini yako, Bi Ulbosin atasimama na kulitamka kwa sauti, nasi sote tuwe mashahidi:

"Mimi Ulbosin, mbele ya Mungu, mbele ya Kanali na majirani zangu, naahidi: sitatia sahihi tena kwa siku ambayo haijafika. Na tarehe kumi Mei nitakwenda kisimani kwangu, nitaketi pale na farasi wangu, ili yeyote atakayekuja na karatasi anikute nipo."