Kaka Mkubwa Alikuwa Shambani

Basini, kwenye kiti cha mbele yangu, mwinjilisti alimlalamikia muuguzi aliyeketi kando yake. "Dada yangu, darasa langu la Biblia ni amina tupu. Nawasihi waulize maswali, wananyamaza kama maji mtungini. Wazee wa kanisa wanataka kulifunga darasa."

"Basi mimi nikuulize," alisema muuguzi. "Mwana mpotevu aliporudi, ngoma ikachezwa. Kaka yake alikuwa shambani. Mbona hakuna aliyetumwa kumwita?"

"Hilo halimo katika somo," mwinjilisti alijibu upesi. Jibu hilo nalifahamu. Sisi walimu hulitumia tukibanwa.

"Najua, baba. Ila mimi ndiye niliyebaki nyumbani kumuuguza mama. Mdogo wangu anarudi kesho, na ukoo mzima unampikia."

Mwinjilisti alivua miwani. Basi lilisimama mbele ya kanisa lake, naye hakuinuka.