Barasa Aliyeupa Wimbo Miguu

Leo, tarehe 29 Juni 1979, Elijah Barasa anakabidhi ufunguo wa Landrova ya matangazo baada ya miaka kumi na tisa ya kazi hapa Lodwar. Ameshaukabidhi mara mbili tangu asubuhi, na mara zote mbili ameurudisha mfukoni mwake. Aliye karibu naye tafadhali amsaidie.

Barasa alikuja kutoka Bungoma akiwa dereva. Ufundi wa spika alijipa mwenyewe, na cheo pia. Anavyosimulia, hakuna mtu kaskazini mwa Kitale anayemshinda kwa mambo ya sauti, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, hatukupata nafasi ya kumbishia.

Lakini jina lake lilijengwa Kakuma, mwaka wa 1974, homa ya mapafu ilipokuwa ikimaliza mbuzi. Daktari wa mifugo alikuwa na chanjo tele, ila wafugaji hawakuwa na haja na sindano zake. Barasa akaamua kuwaita kwa nyimbo za ngoma yao wenyewe, alizokuwa amemrekodi mama Nakeno, mwimbaji ambaye Kakuma nzima humfuata. Nakeno akaisikiliza ile spika ya tarumbeta juu ya gari, akatikisa kichwa. "Ejok, ni nzuri, Barasa. Wimbo iko, lakini miguu hapana." Alisema kweli. Ngoma ya Waturkana ni kuruka, na kishindo cha miguu ndicho kinachoita watu. Tarumbeta ilijua kupiga kelele tu.

Barasa akarudi Lodwar kutafuta besi, ile sauti nzito inayotikisa ardhi. Akapata spika mbili kubwa, akaziunganisha zote kwenye amplifaya yenye uwezo wa kubeba moja. Akazizindua siku mkubwa wetu alipokuja kuhutubia. Mkubwa alifika kwenye neno "ndugu", amplifaya ikafuka moshi, na hotuba ikaishia hapo. Wengi wetu bado tunaisifu kuwa hotuba yake bora kabisa.

Basi akabaki na spika moja, inayolingana na nguvu ya amplifaya mpya, akaitengenezea kasha, maana spika kubwa isiyo na kasha hupepea hewa tu. Kasha lilikuwa sanduku la majani ya chai, na nyufa zake akaziziba kwa mafuta ya mbuzi. Ndiyo, mafuta ya mbuzi, kwenye jua la Turkana! Alipofika Kakuma yalikuwa yameyeyuka yote, hewa inavuja, besi inakohoa, na mbwa wa mji mzima wanalamba gari la serikali.

Nakeno alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaingia nyumbani kwake, akatoka na ngozi ya mbuzi jike aliyempenda kuliko wote. Homa ilikuwa imemuua wiki hiyo. Wakailoweka ngozi, wakalivika kasha, kama akina mama wa huko wanavyovika vyombo vyao vya mafuta. Jua lile lile likaikausha ikabana kila ufa. Barasa akawasha.

Jamani! Vumbi liliruka. Nakeno akaruka. Daktari naye akaruka, sindano mkononi, jambo ambalo hatumshauri mtu yeyote. Watu wakaanza kutokea ng'ambo ya mto na mbuzi wao, wakachanjwa hadi chupa ya mwisho. Mbuzi wa Nakeno waliobaki walipona, na mmoja wao alikuwa binti wa yule mwenye ngozi.

Barasa, sisi tulikununulia saa ya ukutani. Nakeno ameikataa kwa niaba yako. Amekuletea mbuzi jike, mjukuu wa yule yule, na sharti lake ni moja: haliwi, anakwenda nawe Bungoma. Mbuzi mwenyewe hana masharti, tayari amekula karatasi za programu za safu ya mbele.

Asante kwa kelele zote, ndugu yetu. Uzee wako uwe na nyama choma, usingizi mzito na majirani wavumilivu. Kasha linabaki hapa, na kila litakapotetemesha vumbi tutakukumbuka. Tutakukosa sana.

Sasa tupe huo ufunguo, kabla hatujaanza kulia.

Chelangat, kwa niaba ya wenzako wote wa Lodwar