Madaktari wa Benchi

Fundi Viatu alikuwa ametoka kuchukuliwa kwa teksi pale benchini kwetu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu. Binti yake, mwenye duka la pili kutoka hapo, ndiye aliyempeleka hospitali. Sisi tulibaki: Makanika, Kinyozi, mimi, na mstaafu tunayemwita Spika. Roho zilituuma, lakini benchi letu haliwezi kukaa na uchungu bila kutoa maoni. Tukaanza kutibu.

— Pale hospitali, watu wa dharura wanatosha, alisema Makanika.

— Dharura! Spika akacheka. Pale kuna aliyevunjika mguu, aliyeng'atwa na mbwa, aliyemeza sarafu. Kiharusi kina kitengo chake, bwana. Wauguzi wake, vitanda vyake. Hata maji hupewi mpaka wakupime kama unaweza kumeza.

— Wanamnyima mgonjwa maji? Ndiyo yale ya wapishi wengi kuharibu mchuzi.

— Gereji yako inapokea nini?

— Chochote. Breki, pancha, rangi.

— Hiyo ndiyo dharura. Kitengo ni fundi wa injini tu.

Kinyozi akakohoa.

— Vichwa mniulize mimi. Damu inagandishwa na kofia za kubana. Kule kitengo wanakupulizia upepo wa moto, basi.

— Wapi! Wanautoa ubongo, wanausuuza, wanaurudisha, Spika akakata shauri.

— Kwa hiyo wasimkimbize, alisema Makanika. Haraka haraka haina baraka.

— Umenena! nikadakia, na sikujua nadakia nini.

Simu ya Kinyozi ikaita. Akaongeza sauti tusikie wote. Alikuwa yule binti.

— Baba zangu, dharura wameshampiga picha ya kichwa, sasa tuko kitengo cha kiharusi. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila muda ukipita hawaitoi. Daktari anauliza, mara ya mwisho baba kuongea vizuri ilikuwa saa ngapi?

Kinyozi akaifunika simu kwa kiganja.

— Si aliitikia salamu? alinong'ona Kinyozi.

— Hiyo ilikuwa asubuhi, alisema Spika. Je, utani wangu, alicheka?

— Mimi nilikuwa nabishana na wewe, ningemwonaje? Makanika akamjibu.

Fundi Viatu alikuwa amekaa katikati yetu, bega kwa bega na Spika. Niliona aibu.

— Baba zangu, mpo? Daktari amesimama hapa.

Spika akaichukua simu kwa mikono miwili.

— Hatujui, mwanangu. Tulikuwa tunaongea.